Umechoka Kukimbizana na Fasheni? Anza na Nguo Unazozivaa Kweli

Karibu. Video ya leo ni yako wewe uliyechoka. Ulinunua suruali za kubana, watu wakahamia kwenye pana. Ukanunua pana, sasa unasikia za kubana zinarudi. Kabati limefurika, na bado asubuhi unasimama mbele yake ukilalamika huna cha kuvaa. Leo hatununui kitu. Tafuta futi ya fundi, kalamu na karatasi, kisha twende.

Hatua ya kwanza: usifungue kabati. Nenda kwenye kapu la nguo chafu. Zilizomo humo ndizo unazozivaa. Za kabatini nyingi ni za matumaini. Ongeza na zile zilizochakaa kwa kuvaliwa: kola imelika, kiwiko kimepauka, kitufe kimeshabadilishwa mara mbili na bado hujaitupa. Chagua tano uzitandaze kitandani. Na usidanganye hapa! Ile uliyoinunua kwa sababu ilimpendeza mtu fulani mtandaoni iache ilipo.

Hatua ya pili: tazama zinafanana wapi. Wengi hukimbilia rangi, mimi nakushauri uiache kwanza. Angalia shingo, angalia pindo linaishia wapi, angalia mifuko. Kisha soma kile kitambulisho kidogo cha ndani kinachotaja kitambaa. Pamba na kitani hunyonya jasho. Polista hainyonyi, ndiyo maana hukauka upesi na haikunjamani ovyo, lakini kwenye joto inakuacha unanata. Ukikuta tano zako zote ni pamba, na zile ambazo hujawahi kuzivaa ni polista tupu, basi hapo umeshapata jibu moja.

Hatua ya tatu ndiyo nataka tukae nayo. Chukua shati unalolipenda kuliko yote, funga vifungo, litandaze mezani. Lilainishe kwa kiganja bila kulivuta. Nasogeza kamera, tazama hapa: futi inaanzia kwenye mshono wa bega, pale mkono unapoungana na mwili wa shati, inapita mgongoni hadi mshono wa upande wa pili. Hili langu ni sentimita 44. Sasa chini ya kwapa, upande hadi upande: 54. Zidisha mara mbili upate mzunguko wa kifua, 108. Malizia na urefu wa mkono, na urefu wa shati kutoka shingoni hadi kwenye pindo. Andika yote.

Kwa suruali, pima kiuno, paja na urefu wa mguu, halafu pima kipande ambacho watu hukisahau: kutoka pale miguu miwili inapokutana hadi juu kwenye mkanda. Hapo ndipo fasheni huchezea sana. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mkanda ulishuka hadi kwenye nyonga, baadaye ukapanda hadi juu ya kitovu. Mwili wako haukushuka wala kupanda. Ukiijua namba yako, hutahangaika na M au L, ambazo kila kampuni huzikata inavyotaka.

Hatua ya nne, rudi kabatini na karatasi yako. Nguo isiyolingana na vipimo si lazima uitoe. Jiulize kwanza kama fundi anaiweza. Kupunguza ubavuni au kupandisha pindo ni kazi nyepesi. Bega lililoangukia mkononi ni kazi nzito, mikono lazima ifumuliwe, na mara nyingi haistahili gharama. Kama inabana, igeuze ndani nje. Unaona hapa? Kitambaa kimeachwa upana wa kidole kando ya mshono, kwa hiyo inaongezeka. Hii nyingine imekatwa karibu na uzi kabisa. Mpe mtu mwembamba kuliko wewe. Ukienda kwa fundi, beba lile shati lako pendwa umwambie afuate hilo. Hiyo ni bora kuliko maelezo ya nusu saa.

Rangi sasa, kwa ufupi: chagua mbili au tatu zinazovalika pamoja, basi. Wapo wanaopenda kufika mbali zaidi. Steve Jobs, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Apple, alishonewa na mbunifu wa mavazi wa Japani, Issey Miyake, rundo la fulana nyeusi za shingo ndefu, zote sawa. Mimi ningechoka kufikia Jumatano.

Na fasheni mpya ikikuvutia? Itakuvutia tu, macho hayana pazia. Iandike nyuma ya karatasi, pamoja na tarehe. Baada ya mwezi, kama bado unaitaka, ilinganishe na vipimo vyako, kitambaa chako na shingo yako. Ikikubali, nunua bila kujitetea kwa mtu. Karatasi yenyewe ipige picha ikae kwenye simu, maana ukishaingia dukani hizo namba hutazikumbuka.