Gitaa lako la kwanza: jinsi ya kulikagua dukani Nairobi kabla hujalipa

Habari zenu, karibuni. Leo hatupigi, tunanunua. Hapa mezani nina magitaa mawili, yote ya wanaoanza, yote yanang'aa, na ukiyakuta yamening'inia ukutani dukani hutayatofautisha. Moja linapigika. La pili litakuumiza vidole wiki ya kwanza, na kabla mwezi haujaisha liko nyuma ya kabati. Kinachoyatofautisha ni kimo cha nyuzi juu ya shingo, ambacho wauzaji wanakiita aksheni, na hicho unaweza kukipima mwenyewe kwa kadi za benki. Tutafika huko.

Hatua ya kwanza unaifanya ukiwa bado nyumbani: chagua aina ya nyuzi. Gitaa kavu, lile lisilotaka umeme, liko la namna mbili. La klasiki lina nyuzi za nailoni, shingo pana ya milimita 52 hivi pale juu, na kichwa chake kimetobolewa mianya miwili mirefu. Nyuzi zake hufungwa fundo pale darajani, kile kipande cha mbao kilichogundishwa mbele ya sanduku. La nyuzi za chuma lina shingo nyembamba zaidi, milimita 43 hivi, na mara nyingi nyuzi hushikiliwa darajani kwa vijiti vidogo vya plastiki. Nailoni ni laini kwa vidole na sauti yake ni ya upole. Chuma kinauma mwanzoni, lakini ndicho chenye ule mlio mkali unaousikia kanisani na kwenye hafla.

Usichague kwa kuhurumia vidole peke yake. Jiulize unataka kupiga nini. Kama moyo wako uko kwenye omutibo ya Magharibi mwa Kenya, mtindo wa kina George Mukabi, gitaa kavu likichunwa kwa kidole gumba na cha shahada huku chupa ya Fanta ikigongwa pembeni, basi chukua chuma. Kama ni benga ya kina D.O. Misiani, ile solo inayokimbia huku juu wachezaji wakipagawa, mwishowe utataka gitaa la umeme, na wala si kosa kuanza nalo, kwa sababu nyuzi zake ni nyembamba na zimekaa chini. Ila hesabu pia amplifaya, hesabu waya, na umhesabu jirani mnayegawana ukuta. Kwa wengi wanaoniuliza, jibu langu ni gitaa kavu la chuma. Mwenye vidole vyenye maumivu, au anayetaka kupiga taratibu jioni nyumbani, nailoni itamfaa miaka mingi.

Onyo moja hapa, na nalisema kwa sauti. Usikubali mtu akufungie nyuzi za chuma kwenye gitaa la klasiki. Seti nyepesi ya chuma huvuta kwa nguvu ya kilo 70 hivi. Nailoni ni kama 40. Gitaa la klasiki halikujengwa kubeba mzigo huo. Daraja litaanza kunyanyuka, ubao wa mbele utavimba, na siku moja utasikia mlio mmoja tu, wa gundi ikiachia.

Ukubwa: mtu mzima achukue saizi kamili. Mtoto wa miaka 8 hadi 11 mtafutie la robo tatu. Mwenye mashoto aulize mapema kwa simu, kwa sababu maduka mengi hayaweki ya mkono wa kushoto, na kugeuza nyuzi za gitaa la kawaida si kazi ya kufanyiwa kaunta.

Hatua ya pili ni pesa. Tuseme umejikusanyia shilingi 15,000. Usiingie dukani ukitafuta gitaa la 15,000. Tafuta la 11,000 au 12,000, na zinazobaki uzigawe: begi lenye sponji, seti ya nyuzi za akiba, piki (vibao vidogo vya kuchunia) mbili tatu, na pesa ya fundi. Pesa ya fundi ndiyo watu huiruka. Mimi ningeliacha begi kabla sijamwacha fundi.

Twende mjini sasa. Maduka ya vyombo vya muziki utayapata River Road na Luthuli, na mengine kwenye mall ambako bei iko juu kidogo lakini kuna utulivu. River Road ina historia yake. Studio na maduka ya sahani za santuri yaliyoisambaza benga nchini yalikuwa pale. Leo kuna kelele tu. Nenda asubuhi, kabla spika za barabarani hazijafunguliwa zote kwa pamoja.

Ukishaingia, salimia, kisha sema hivi: "Bosi, naanza kujifunza. Naomba nijaribu haya mawili nikiwa nimekaa." Omba kiti. Muuzaji mzuri atakupa. Halafu atalichukua gitaa akupigie kitu kitamu sana, na wewe utasikia mkono unaelekea mfukoni. Tulia. Hapo amekuonyesha vidole vyake. Gitaa bado hujaliona.

Anza na macho. Tazama ninavyofanya: nimelishika kichwa kikiwa karibu na jicho langu, natazama kando ya shingo kuelekea kwenye sanduku, kama seremala anavyokagua mbao. Kupinda kidogo sana kuelekea kwenye nyuzi ni kawaida. Ukiona shingo imejisokota, upande mmoja juu na mwingine chini, lirudishe ukutani na usisikilize bei. Kisha geukia daraja. Chukua risiti, au kipande chochote cha karatasi, ujaribu kukiingiza chini ya daraja upande wa nyuma. Kikiingia, gundi imeanza kuachia. Pitisha kiganja ubaoni nyuma ya daraja; mwinuko mdogo unakubalika, tumbo halikubaliki.

Sasa nyuzi zilinganishwe. Pakua programu ya kutyuni kwenye simu ukiwa nyumbani, usingoje bando za mjini. Kuanzia uzi mnene kwenda mwembamba: E, A, D, G, B, E. Zungusha kila ufunguo wa pale kichwani na usikilize mkono wako. Ufunguo uzunguke kwa uzito ulio sawa, usiteleze wala kukwama kisha kuruka. Vuta kila uzi kidogo kwa kidole, tyuni tena. Nyuzi mpya hulegea, hilo si kosa la gitaa, lakini baada ya kuvuta mara mbili tatu zinapaswa kuanza kutulia.

Haya, kadi. Leta kamera karibu. Kadi ya benki ina unene wa milimita 0.76, na ni hivyo duniani kote. Tumia zile bapa, zisizo na namba zilizoinuka. Hesabu freti, vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo, kutoka kichwani hadi ya 12. Mara nyingi ina nukta mbili. Nazipanga kadi tatu pamoja, naziteleza juu ya chuma cha freti ya 12, chini ya uzi mnene. Kwenye gitaa hili la kwanza zimeingia zikagusa uzi bila kuunyanyua. Hizo ni milimita 2.3 hivi, na kwa nyuzi za chuma ndipo pazuri. Tazama hili la pili: tatu zimeingia, ya nne imeingia, ya tano nayo, na bado mwanga unapita. Karibu milimita 4. Kwa klasiki ningesema sawa, nailoni hutaka nafasi zaidi ili isigonge. Kwa chuma, hiyo ni adhabu. Kila kodi (noti kadhaa zikipigwa pamoja) utakayoishika utakuwa unakamua, na utadhani wewe ndiye huna kipaji.

Kadi zikiwa nne, usikate tamaa, fundi atalishusha. Angalia tu ule mfupa mweupe unaobeba nyuzi darajani. Kama umechomoza vizuri, kuna cha kupunguza. Kama umeshalala kwenye mbao na nyuzi bado ziko juu, achana nalo.

Baada ya kimo, mlio. Bonyeza uzi wa kwanza freti ya kwanza, chuna. Freti ya pili, chuna. Endelea hadi ya 12, kisha uzi unaofuata. Ndiyo, zote sita. Mteja wa nyuma yako atasubiri, gitaa utakaa nalo wewe. Unasikiliza mkwaruzo, ule wa bati, au noti inayokufa ghafla wakati za jirani zinaendelea kulia. Kama nje kuna matatu inapiga honi, egemeza sikio kwenye ubavu wa juu wa sanduku. Sauti itakufikia kupitia mbao hata Luthuli ikiwa imechafuka.

Kipimo cha mwisho: chuna uzi ukiwa wazi, programu ikuonyeshe uko sawa. Sasa ubonyeze freti ya 12 bila kuukamua, chuna tena. Herufi iwe ileile, sindano ibaki katikati au ikose kidogo sana. Ikiruka mbali, gitaa hilo litasikika vibaya kila ukipanda shingo, hata ukilityuni asubuhi, mchana na jioni. Nyuzi kuukuu zinaweza kulisingizia, kwa hiyo kama zina kutu mwombe muuzaji akubadilishie kabla ya kulikataa.

Kuhusu majina. Yamaha F310 kwa chuma na C40 kwa nailoni ni magitaa ya wanaoanza yanayojulikana sana, na mimi sina ugomvi nayo. Ubora wake haubadiliki sana kutoka moja hadi lingine, ndiyo maana walimu huyapendekeza. Lakini gitaa lisilo na jina lililopita vipimo hivi ni bora kuliko lenye jina lililoanguka. Na ukitajiwa jina kubwa la Kimarekani kwa bei ya chakula cha mchana, tabasamu, rudisha.

Bei sasa. Usianze na "bei ya mwisho ni ngapi", atakutajia ya mwisho yake. Taja ulichokiona: "Aksheni iko juu kidogo, nitamlipa fundi. Nipunguzie, au uniwekee begi na seti ya nyuzi." Mara nyingi begi hupatikana kwa urahisi kuliko punguzo. Lipa kwa till ya duka, soma jina linalotokea kabla hujaweka PIN, na risiti iandikwe siku ngapi unaruhusiwa kulirudisha.

Wa mtandaoni mnisikilize. Gitaa la mkono wa pili linaweza kuwa dili safi, hasa la mtu aliyenunua kwa pupa akalitelekeza. Mkutane kwenye mkahawa au mall, mchana, ukiwa na kadi zako. Hakuna kutuma pesa ya "kulishikilia". Akikwambia kuna wateja wengine watano wanakuja, mpishe, wateja hao wamtendee haki.

Kulibeba: jioni ukipita Tom Mboya, begi likae mbele yako. Kwenye matatu lisimamishe katikati ya magoti, kichwa kikiwa juu. Konda akitaka nauli ya kiti cha pili, hiyo ni mechi yenu. Na usiliache kwenye gari lililofungwa juani. Joto hulainisha gundi ileile ya daraja tuliyoikagua kwa karatasi.

Hatua ya mwisho, fundi. Mpelekee wiki hiyohiyo. Mwambie kadi ngapi ziliingia na unataka zipungue hadi ngapi. Kazi yake kubwa ni kuusugua ule mfupa wa darajani upande wa chini, na hesabu iko hivi: kushusha nyuzi milimita 1 pale freti ya 12, anapunguza mfupa milimita 2. Basi apunguze kidogo, arudishe, apime. Mfupa ukishaisha hauongezeki. Akikimbilia kuzungusha chuma cha ndani ya shingo peke yake kama dawa ya nyuzi zilizo juu, muulize kwa nini. Chuma hicho ni cha kunyoosha shingo, na huzungushwa robo kwa robo. Klasiki nyingi hata hazina.

Kama kuna gitaa umeshaliona mahali na unasitasita, niandikie hapo chini: nyuzi za aina gani, bei uliyotajiwa, na kadi ngapi zimeingia. Nitakujibu nunua au acha.