Kidonda kimevimba, daktari ni kesho

ZENA: Haya karibuni tena, mi Zena, niko na Deo ambaye leo kavaa kaptula makusudi ili tulione kovu lake.

DEO: (anacheka) Sa kovu si ndo ushahidi! Ilikuwa hivi, mbu kaniuma hapa kwenye muundi, nikajikuna weee mpaka pakachubuka, siku ya tatu jioni mguu unawaka moto, umevimba, ngozi imevutika inang'aa kama nimepaka mafuta, na miadi ya daktari ni kesho yake.

ZENA: Ukafanyaje usiku huo? Maana hapo ndo watu tunaharibu.

DEO: Kidogo niharibu. Nilishaishika krimu ya muwasho, ile yenye steroidi.

ZENA: Weka chini! Ile inatuliza uvimbe kwa kuidhoofisha kinga ya ngozi, we unaona nafuu kumbe bakteria wanajilia raha. Na usiniambie ulimeza amoksilini zilizobaki za mtu.

DEO: Zilikuwepo kabatini, nilizitamani sana aisee.

ZENA: Stafilokoka, bakteria ambao ni kati ya wasababishaji wakubwa wa haya maambukizi ya ngozi, mara nyingi amoksilini peke yake haiwashtui, alafu unafika kwa daktari ushavuruga hata kipimo.

DEO: Basi nikaosha kwa maji ya kutiririka na sabuni, nikakausha taratibu, nikafunika na bandeji safi. Alafu nikachukua kalamu nikachora kuuzunguka uvimbe wote, pale pale ukingoni, pembeni nikaandika "saa 3 usiku". Nikapiga na picha.

ZENA: Hiyo kalamu naipenda kuliko dawa zote ulizozitaja. Ila ulijuaje ukingo uko wapi? Ngozi nyeusi haionyeshi wekundu vizuri, unaweza kuona zambarau au weusi uliokolea, au usione kitu kabisa.

DEO: Mgongo wa mkono. Nikawa nagusa huku nagusa mguu mwingine, joto linapoishia na ugumu unapoishia ndo nikachora. Alafu parasetamo, mguu juu ya mito, nikalala.

ZENA: Ukalala kweli?

DEO: Wapi! Saa 9 usiku natetemeka, kipimajoto 38.6, naangalia mguu uvimbe umeuruka mstari kwa upana wa vidole viwili na kuna michirizi inapanda kuelekea paja. Asubuhi sikuingoja, nikaenda dharura saa hiyo hiyo. Daktari wa zamu hata hakuuliza sana, aliusoma mguu kama barua.

ZENA: Michirizi na homa hata mi nisingengoja. Na maumivu makali kuliko kinachoonekana, ngozi inayogeuka nyeusi au kufa ganzi, au uvimbe wa karibu na jicho, hapo mambo ya kalamu achana nayo, nenda tu. Mwenye kisukari naye asijipe muda.

DEO: Na jipu je? Maana mi mkono unawasha kukamua.

ZENA: Usikamue wala usitoboe na sindano, unausukuma usaha ndani zaidi. Kitambaa safi cha maji ya uvuguvugu, dakika 10 mpaka 15, mara tatu nne kwa siku, ukimaliza kitambaa kikafuliwe, sio unawaachia wenzio wafutie uso.

DEO: Sa shida yangu ikawa moja, ile kalamu kumbe ni ya kuandikia maboksi. Nimetembea na "saa 3 usiku" mguuni wiki nzima.