Nileteeni upanga

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Kabla sijaanza, naomba mikono. Wale wanawake wawili waliogombea mtoto mbele ya Mfalme Sulemani: mtoto alipewa yule aliyeanza kusema, au yule wa pili? Wa kwanza... naam, karibu ukumbi mzima. Sasa fungueni 1 Wafalme 3, mstari wa 16 mpaka 28, mnionyeshe palipoandikwa hivyo. Hampaoni. Mfalme anasema apewe "huyu", na msimulizi hatuambii huyu ni yupi.

Wa kwanza tunamwamini kwa sababu katangulia kusema, basi. Lakini sikilizeni ushahidi wake. Anadai mwenzake alimlalia mwanawe akafa, akaamka usiku wa manane, akamtwaa mtoto aliye hai na kumwachia yeye maiti kifuani, huku yeye amelala usingizi. Mama, kama ulikuwa umelala, umeyaonaje? Wakili wa leo angembana papo hapo.

Na shahidi hakuna. Makahaba wawili, nyumba moja, wamepishana siku tatu kujifungua, na usiku ule hapakuwa na mtu mwingine ndani. Torati inataka mashahidi wawili au watatu. Kesi imekwama.

Sulemani haulizi hata swali moja. Anarudia tu madai yao, huyu asema hivi na huyu asema hivi, kisha anaagiza upanga: mtoto aliye hai akatwe vipande viwili, kila mmoja apewe nusu. Zamani niliiona amri ile kama wazimu mtupu. Baadaye nikakutana na Kutoka 21:35: ng'ombe wako akimuua ng'ombe wa mwenzako, aliye hai auzwe mgawane fedha, na mfu naye mgawane. Nusu yako, nusu yangu. Kwa hiyo kugawa sawasawa aliye hai na aliyekufa ilikuwa sheria inayojulikana, ila ya mifugo. Mimi nadhani ndiyo maana hakuna aliyedhani mfalme anatania.

Mmoja akalia: mpeni yeye, msimuue. Biblia yetu inasema moyo wake ulimwonea mwanawe huruma. Kiebrania hapo kina neno rahamim, ambalo mzizi wake ni mmoja na rehem, tumbo la uzazi. Na sisi mzizi huo tunao, umetujia kwa njia ya Kiarabu: rehema. Mwenzake naye akasema asiwe wangu wala wako, mkateni. Huyo yuko tayari kupokea nusu ya maiti, na maiti nzima anayo tayari.

Waislamu mliomo humu mnaijua kwa hadithi ya Abu Huraira, sahaba wa Mtume Muhammad. Kule mtoto mmoja alichukuliwa na mbwa mwitu, Nabii Daudi akaamua aliyebaki apewe mwanamke mkubwa kwa umri, Suleiman akaomba kisu ampasue, na mwanamke mdogo akasema usifanye hivyo, huyo ni mwana wa mwenzangu. Mdogo akapewa. Kule hatuachwi tukikisia.

Ila kuna kitu hakinitoki. Aliyeshindwa naye ni mzazi. Ametoka kujifungua juzijuzi, mwanawe amefariki ubavuni mwake, maziwa bado yanamjaa. Mstari wa 28 unasema Israeli wote wakamcha mfalme. Yeye hatajwi tena. Na kile kimaiti, muda wote huo wa kesi, kilikuwa kimelazwa wapi? Baraza zima lile, hakuna aliyempa pole.