Dipoziti Nilikuwa Nayo, Nyumba Ikanishinda

Mambo zenu jamani, karibuni tena humu ndani. Leo nimekaa sakafuni kama mnavyoona, wala siyo mapozi, makochi bado hatujanunua na hiyo ndo mada yenyewe, gharama za kununua nyumba zinazokuja juu ya dipoziti. Tangu niweke ile video ya kukabidhiwa funguo za nyumba yangu ya mkopo meseji zinamiminika, dada hongera, dada tupe siri, dada mimi dipoziti ninayo tayari, yaani ile hela unayotanguliza mwenyewe benki ikumalizie, nianzie wapi. Sasa hii ya mwisho ndo imenifanya niwashe kamera, maana hata mimi niliwahi kutamba hivyohivyo, dipoziti ninayo, na nyumba ya kwanza ikanishinda nikiwa naiona kwa macho.

Sitataja hela ya nchi yoyote. Mnaonitazama mko kila kona, na kila nchi ina kodi zake na majina yake, kwa hiyo tufanye nyumba bei yake ni 100. Mia tu. Sifuri utaongeza mwenyewe kulingana na huko uliko.

Basi ile nyumba ya kwanza ilikuwa 100, mimi nimejikusanyia 20 yangu kwa miaka, benki ikasema itatoa 80, nikaona kazi imeisha. Benki ikatuma mthamini. Mthamini akaja akazunguka nusu saa akaandika kwamba nyumba hii thamani yake ni 95. Nikacheka, nikasema si afadhali, imeshuka. Kumbe sijaelewa! Muuzaji bado anataka 100 yake, ila benki yenyewe inakopesha kwa kuangalia kile kilicho kidogo kati ya bei na thamani, kwa hiyo asilimia 80 ya 95 ni 76. Piga hesabu hapo. 100 toa 76, natakiwa nitoe 24 mfukoni na mimi nina 20, na hiyo 20 yenyewe sijaigusa kwa ajili ya wakili wala kodi wala kitu chochote. Nikamuomba muuzaji apunguze, akagoma, alikuwa na mtu mwingine anasubiri. Ikaishia hapo.

Na kilichoniuma zaidi siyo nyumba hata, ni zile hela nilizokuwa nimeshatoa. Yule mthamini nilimlipa mimi, japo ripoti ni ya benki. Mkaguzi wa kuangalia paa na mabomba na nyaya nilimlipa mimi. Wakili alikuwa ameshaanza kupekua kama hati ni safi na kama nyumba haina deni, kazi kafanya, hela yake lazima. Dili limekufa na hizo hela zimekufa nalo. Hazirudi. Kwa hiyo mtu akiniuliza bajeti inaanzia wapi, mimi namwambia weka fungu la hela za kupoteza kabisa, za ukaguzi na uchunguzi, na uliweke la nyumba mbili, maana ya kwanza inaweza kufeli kama yangu. Ila msije mkaruka ukaguzi ili kubana matumizi, nawajua nyinyi. Ukaguzi ukikuonyesha msingi una ufa ukaamua kuachana na hiyo nyumba, hapo hujapoteza, umeokoka.

Haya sasa, siku ya kusaini. Hapa ndo watu wengi wanaachwa hoi. Kuna kodi ya kuhamisha umiliki, wengine wanaiita ushuru wa stempu, na hii mara nyingi ndo kubwa kuliko zote. Uliza mapema inapigwa kwenye nini, maana kuna nchi hawaangalii bei mliyokubaliana, wanaangalia thamani wanayokadiria wao, sasa wewe umepata nyumba kwa bei poa unashangilia, kodi inakuja ya bei ya juu. Kuna ada ya usajili wa hati, kuna wakili, na sehemu nyingine kuna wakili wa benki pia na yeye unamlipa wewe, kuna ada ya benki ya kushughulikia mkopo. Kuna dalali, huyu uliza mapema analipwa na nani, sehemu nyingine ni muuzaji, sehemu nyingine ni mnunuzi, sehemu nyingine mnachangia. Bima ya nyumba benki inaitaka iwe imeshakatwa kabla haijaachia hela, na kwa kawaida unalipa ya mwaka mzima kwa mpigo au angalau miezi ya mwanzo. Kama dipoziti yako ni ndogo, nchi kadhaa mstari wao ni asilimia 20, unaongezewa bima nyingine ya kuilinda benki. Umesikia vizuri, ya kuilinda benki, hela yako. Halafu kuna vile vitu vidogovidogo, kama muuzaji alishalipa kodi ya jengo ya mwaka mzima na wewe unaingia katikati ya mwaka, unamrudishia miezi iliyobaki.

Jumla yake inategemea nchi, kuna kwenye 2 au 3 kwa mia na kuna inapopita 10. Mimi kwa hesabu ya leo naweka 8, halafu 2 ya kuhamia na matengenezo ya haraka. Hiyo ni 10. Na hii 10 benki kwa kawaida haikukopeshi, ni taslimu yako, hapo ndo penye mtego wote.

Angalia hii sasa, chukua peni kama unayo. Tuseme kwenye akaunti una 30. Ukifikiria dipoziti ya asilimia 20 peke yake, unasema 30 yangu inanunua nyumba ya 150, si ndiyo? Asilimia 20 ya 150 ni 30. Unaanza kuzunguka kutazama nyumba za 150, unapenda moja, unaota rangi za ukuta. Lakini ukijumlisha ile 10 ya gharama, kila nyumba inataka 30 kwa mia kutoka mfukoni kwako, kwa hiyo 30 yako inanunua nyumba ya 100. Siyo 150. Ni nyumba tofauti kabisa hiyo, pengine hata mtaa tofauti. Ndo maana mimi sikuhizi nawaambia watu waanze na hela waliyonayo, watoe akiba ya dharura kwanza waiweke pembeni isiguswe, mimi nilitoa miezi mitatu ya matumizi pamoja na rejesho, halafu kinachobaki ndo wagawe kwa 0.3, yaani ile 30 kwa mia, ndo watapata bei ya nyumba wanayoruhusiwa kwenda kuitazama. Ukianza na nyumba ukarudi kwenye hela, moyo umeshapenda, utajidanganya tu.

Kuna mtu benki atakwambia hiyo ada ya mkopo usijali, tutaiingiza kwenye mkopo wenyewe. Tamu kusikia. Lakini ukikopa 1 kwa riba ya asilimia 6 kwa miaka 25 utarudisha kama 1.93, yaani karibu mara mbili. Sisemi ni haramu, mimi mwenyewe kuna ada moja niliiingiza kwa sababu taslimu ilikuwa imekauka, ila niliijua bei yake kabla sijasaini. Omba wakuandikie gharama zote kwenye karatasi moja, ukipeleka maombi benki mbili weka karatasi ubavu kwa ubavu, usilinganishe riba peke yake, kuna benki riba yake ndogo inakutabasamia halafu ada zake, mama yangu!

Haya, funguo umepewa. Umepiga picha mlangoni, familia inalia kwenye simu. Kesho yake asubuhi ndo unagundua nyumba haina pazia hata moja. Mimi wiki tatu nilitundika mashuka dirishani, jirani sijui alituonaje. Muuzaji aliondoka na taa, balbu na soketi alizoacha hazikufika nusu, na jiko nililoliona siku ya kutazama lilikuwa lake, kaenda nalo. Kosa langu, sikuuliza nini kinabaki na nini kinaondoka, hii iandikwe kwenye mkataba kitu kwa kitu. Vitasa badilisha siku ya kwanza, hujui nani ana nakala ya funguo. Lori la kuhamia, mafundi, dipoziti ya mita za umeme na maji kama wanadai. Halafu pango, mimi mkataba wa nilipokuwa napanga ulikuwa bado una mwezi mmoja na nusu, nikawa nalipa kodi kule na rejesho huku, huo muda tulikula kwa adabu sana.

Wanaonunua fleti nyinyi sikilizeni vizuri. Kuna ile ada ya huduma ya kila mwezi, lifti, ulinzi, usafi, hiyo watakwambia. Usiulizie ada ya mwezi tu, uliza mwenye nyumba anadaiwa kiasi gani, maana kuna sehemu deni linafuata nyumba halimfuati mtu. Na omba mihtasari ya vikao vya wakazi vya mwaka au miaka miwili iliyopita. Inachosha kusoma, najua, watu wanabishana kuhusu maegesho kurasa sita, ila humo ndo utaona kwamba paa linavuja na wanapanga kuchangishana mwakani. Ukiingia bila kusoma, mchango wako wa kwanza unakukuta mlangoni.

Na nyumba yenyewe inakula kila mwaka. Kuna kipimo watu wanakitumia cha kuweka asilimia 1 ya bei ya nyumba kila mwaka kwa ajili ya matengenezo, yaani kwa nyumba ya 100 ni 1. Ni makadirio tu, nyumba ya zamani inataka zaidi na mpya pengine miaka ya mwanzo haitakusumbua, ila ukigawa kwa miezi 12 ukaiweka kila mwezi, siku bomba likipasuka huendi kukopa. Ulipokuwa unapanga ulikuwa unampigia mwenye nyumba. Sasa mwenye nyumba ni wewe.

Wenzangu wa nje mnaonunua nyumbani kwa mbali, nyinyi mna fungu lenu lingine. Kumpa ndugu au wakili mamlaka ya kisheria ya kusaini kwa niaba yako kuna karatasi, mihuri na usafirishaji wake, nazo zina bei. Na kubadilisha hela, jamani. Usitazame ada ya kutuma peke yake, wanaweza kukwambia ada bure kabisa halafu wakakukata kwenye kiwango cha ubadilishaji. Uliza hivi, nikitoa kiasi hiki huku, kule inafika ngapi? Tofauti ya asilimia 3 kwenye hela ya matumizi huioni, kwenye nyumba ya 100 unayolipa taslimu ni 3 nzima, hapo umepoteza hela ya wakili na chenji.

Kuna kaka kwenye komenti kauliza kama akope tena kidogo anunue fanicha ili ahamie kwa heshima. Kaka yangu, kama mkopo wa nyumba haujakamilika usithubutu, benki inaweza kuangalia tena madeni yako kabla ya kuachia hela na ikakuta rejesho jipya, ikakupunguzia au ikakataa kabisa. Na ukishahamia, mh, mimi nilinunua godoro, jiko na friji, basi. Mnaona hapa nilipokaa. Mashuka ya dirishani yametoka, mapazia yameingia mwezi uliopita, makochi ni mwezi wa nne kutoka sasa kwa hesabu zangu, yakija nitawaonyesha.