Kodi haijasema ununue sensa

Haya, mnanisikia huko nyuma? Sogeeni basi, hakuna anayeuma huku, na baridi yenyewe hii ya mwezi wa saba Uyole mkikaa karibu karibu ndo mtapata joto. Nimeambiwa niongee juu ya sensa, kile kifaa kinachopima presha ya DPF, hasa ikileta shida ya umeme, maana wengi mnaletewa malori ya siku hizi taa ya injini inawaka, mashine ya kupimia gari inatoa kodi, yaani namba ya hitilafu, gari haivuti, mwenye gari ana mzigo wa viazi anataka leo leo awe Makambako.

DPF mnaijua, ni chujio la masizi kwenye ekzozi. Masizi yakijaa gari inayachoma yenyewe, joto linafika kama digrii 600 huko ndani. Sasa itajuaje yamejaa? Ndo kazi ya hii sensa, ina mipira miwili, mmoja umetoka kabla ya chujio mwingine baada, inalinganisha presha. Tofauti ikiwa kubwa maana yake njia inaziba. Zipo zenye mpira mmoja tu, msishangae.

Nianze na aibu yangu. Kuna lori nililetewa, mashine inasoma P2454. Mimi kuona tu "sensa ya presha" nikamwambia mzee wa watu anunue sensa, akanunua, nikafunga, nikafuta kodi, taa ikazima, tukapeana mikono. Alipofika Mlima Nyoka akanipigia simu. Hakutukana, angetukana ingekuwa afadhali. Alisema tu "fundi, taa yako imerudi." Taa yangu!

Sasa sikilizeni, P2454 haisemi sensa imekufa. Inasema kontrol boksi, ile kompyuta ya injini, inaona volti za chini mno kwenye waya wa signo, ule unaopeleka usomaji wa sensa. P2455 ndo inasema ziko juu mno. P2456 inasema zinakuja zinapotea. Hizo zote ni habari za waya, na kwenye waya kuna vitu vingi, sensa ni kimojawapo. Ukiona P2463 hiyo ni habari nyingine kabisa, hapo inakwambia masizi yamejaa, usiihangaikie na mita ya umeme.

Waya zenyewe kwa kawaida ni tatu. Mmoja unaleta volti 5 kutoka kontrol boksi, mmoja erthi, mmoja unarudisha signo. Rangi msikariri, kila gari na zake, tafuteni mchoro. Injini ikiwa imezimwa na ufunguo uko on, signo kwa sensa nyingi inakaa kama nusu volti hivi, zipo zinazokaa juu zaidi kidogo, ila isiwe sifuri na isiwe 5.

Chomoa soketi, ufunguo on, pima ule wa volti 5. Zipo? Vizuri. Hazipo? Usikimbilie kusema kontrol boksi imekufa jamani, hilo neno linawatoa watu jasho bure. Kwanza kumbuka soketi umeshaichomoa, kwa hiyo kama zilikuwa hazipo ikiwa imechomekwa na sasa zimerudi, sensa yenyewe ndo ilikuwa inashoti. Kama bado hazipo, huo waya mara nyingi unagawana na sensa zingine, chomoa moja moja huku unaangalia mita, siku moja utachomoa ya kitu kingine kabisa na volti 5 zitaruka zenyewe.

Erthi ipime sensa ikiwa imechomekwa, mita kati ya pini ya erthi na hasi ya betri. Ukipata zaidi ya volti 0.1, erthi hiyo ni mbovu, na inadanganya kusoma kote. Ingiza sindano kwa nyuma ya soketi, pembeni ya ule mpira. Msitoboe waya! Ukitoboa waya gari ikaenda Tukuyu na mvua zile, baada ya miezi michache unakuta kutu ya kijani ndani na hakuna atakayejua ni wewe uliyetoboa, ila wewe utajua.

Halafu kuna kipimo ninachokipenda kuliko vyote. Kodi ikiwa ya volti za chini, chomoa soketi, chukua waya na rezista ya kiloomu 1, unganisha ule wa volti 5 na ule wa signo upande wa gari, halafu angalia kwenye mashine. Usomaji ukipanda juu na kodi ikageuka P2455, njia nzima hadi kontrol boksi ni nzima, hapo sasa ndo una haki ya kuishuku sensa. Usipopanda, signo imekatika au imegusa bodi mahali. Dakika mbili tu, na hujanunua kitu.

Mimi ningefanya hivyo siku ile nisingeaibika. Gari iliporudi gerejini inasoma vizuri tu, volti ziko sawa. Nikaweka mita kwenye signo nikaanza kushika waya kidogo kidogo kufuata hadi nyuma ya gia boksi, natikisa, natikisa, pap, sifuri. Waya ulikuwa unasugua kwenye breketi, plastiki imeisha upande mmoja, shaba inang'aa kama jino la dhahabu. Kwenye mlima injini inajipinda kwenye mauntini, zile mpira zinazoishikilia, waya unagusa chuma. Tepu, kibano kipya, kusogeza njia ya waya, basi. Sensa ya mzee nilimrudishia hela, ile ya zamani nikaifunga tena na ikafanya kazi.

Kuna kijana ameuliza kama mwinuko wa Mbeya unaidanganya sensa. Hapana bwana. Huku tuko kama mita 1,700, hewa ni nyepesi kuliko Dar, lakini hii inapima tofauti ya pande mbili, na pande zote ziko Mbeya hiyo hiyo. Injini ikizimwa lazima isome sifuri au karibu yake, Dar au hapa.

Na jingine, msilazimishe kuchoma masizi wakati kodi ya sensa bado ipo, gari nyingi zitakataa, na ikikubali usiifanyie kwenye majani makavu, ekzozi inakuwa jiko. Wanaotaka kuitoboa DPF kabisa tutaongea siku nyingine maana nitapandisha presha yangu mwenyewe.

Twendeni nje, kuna gari ya jirani imekuja na shida hii hii. Wewe wa kofia shika mita. Ufunguo on, injini usiwashe. Mashine inasema ngapi? Kilopaskali 4 na injini imezimwa? Ahaa. Chomoa mipira yote miwili kwanza, usiguse sensa... Bado 4? Basi hiyo si presha ya kweli. Haya, sasa lete sindano, tuanze na erthi.