Siku 14 za Kwanza za Poni Mpya

Ndugu wazazi mnaotaka kununua poni, yaani farasi wa umbo dogo, asanteni kwa kuja. Maswali mengi mliyotuma yanahusu tandiko na hatamu. Tandiko litasubiri. Naanza na chakula, kama ninavyoanza kila ninapoitwa kulizungumzia jambo hili, kwa sababu poni mpya huponzwa zaidi na ndoo ya chakula kuliko kitu kingine chochote.

Kabla poni hajapakiwa kwenye gari, muulizeni muuzaji: anakula nini, kilo ngapi, saa ngapi? Andikeni. Msikubali jibu la "anakula kawaida tu". Kisha mwombeni awauzie nyasi kavu za kutosha wiki mbili. Siku tatu za mwanzo poni ale hizo peke yake. Siku ya nne changanyeni robo ya nyasi zenu, siku ya saba nusu, siku ya kumi robo tatu. Siku ya 14 ndipo ale zenu tupu.

Mbona nang'ang'ania hivyo? Ndani ya utumbo mpana wa farasi wanaishi bakteria wanaochachusha nyuzi za majani, nao hujipanga kulingana na chakula walichozoea. Mkibadilisha ghafla, wa zamani hufa kabla wapya hawajaongezeka. Gesi inajaa, tumbo linasokota. Na farasi hawezi kutapika, kilichoingia kimeingia.

Najua kuna anayesema moyoni: majani mabichi si ndiyo chakula chake cha asili? Ndiyo, lakini yana sukari nyingi, na mwili wa poni umeumbwa kuishi kwenye malisho hafifu. Mkimwachia uwanja wa majani mororo kutwa nzima, insulini, homoni inayodhibiti sukari mwilini, hupanda. Ikikaa juu, hudhoofisha tishu zinazoushikilia mfupa wa mwisho wa mguu ndani ya ukwato, na mfupa huo huweza kugeuka na kushuka. Mtamwona amesimama akiegemea visigino, miguu ya mbele ameitanguliza, hataki kugeuka. Wekeni vidole viwili pande mbili za nyuma ya kifundo. Kwa poni mzima, mpigo wa damu pale husikika kwa shida. Ukidunda kwa nguvu, mtoeni malishoni na mwiteni daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Lakini mtaujuaje mpigo mbaya kama hamjawahi kuugusa mzuri? Jifunzeni kuupapasa tangu wiki ya kwanza, akiwa mzima.

"Lakini anaonekana ana njaa!" Poni huonekana hivyo hata akiwa amenenepa shingo mpaka imetuna. Msimlishe kwa macho, pimeni. Chukueni futi ya kamba, pimeni kwa sentimita mzunguko wa kifua nyuma tu ya miguu ya mbele, kisha urefu kutoka ncha ya bega hadi ncha ya tako. Zidisheni mzunguko kwa mzunguko, mzidishe kwa urefu, mgawanye kwa 11,880. Mzunguko wa 140 na urefu wa 125 ni kama kilo 206. Mpeni asilimia 1.5 hadi 2 ya uzito huo kwa siku, yaani kilo 3 hadi 4 za nyasi kavu, zilizopimwa kwa mizani ya kuning'iniza. Msishuke chini ya hapo bila daktari, maana poni mnene akishinda njaa, mafuta hujaa kwenye damu, na hilo nalo huua. Majani mabichi yaanze kwa nusu saa. Na majani yaliyofyekwa kwa mashine ya bustani asipewe hata kiganja. Huchacha haraka, naye huyabugia bila kutafuna.

Naona muda unakwisha, kwa hiyo mengine nayapitia haraka. Mtengeni na farasi wengine kwa wiki tatu, ndoo yake iwe yake, lakini awaone wenzake, kwa sababu farasi wa peke yake huhangaika sana. Pimeni joto asubuhi na jioni: nyuzi 37.5 hadi 38.5 ni sawa. Likizidi, au tezi za chini ya taya zikivimba, huenda ni ugonjwa wa usaha unaoambukiza, na hapo asiguswe na mtu anayehudumia farasi wengine. Hakikisheni amechanjwa pepopunda. Kinyesi kipimwe mayai ya minyoo kabla hamjampa dawa. Fundi wa kwato aje kila wiki 6 hadi 8. Seng'enge ing'olewe yote kabla hajafika, hata kile kipande cha kona mnachosema hatakifikia.

Tandiko lipimwe na fundi juu ya mgongo wake mwenyewe, nanyi mlirudishe kwa fundi huyo poni akikonda au kunenepa. Haya, niulizeni.