Biti Sita, Si Mia Moja

(Mhadhara uliotolewa Moshi kwa wapenzi wa useremala wa nyumbani)

Shikamooni wazee, na wengine habari za mchana. Drili mnazo, mbao mnazo, kwa hiyo sitapoteza muda kueleza drili inazungukaje. Nianze na lile boksi la biti, yaani vile vyuma vya kutobolea vinavyofungwa kwenye drili.

Mnalijua. La plastiki, limeandikwa vipande mia moja, ndani kila kitu kinang'aa rangi ya dhahabu. Sokoni Mbuyuni lipo, soko la Memorial lipo, ukienda Arusha linakusubiri barazani kabla hujaingia dukani. Msilinunue. Nimelisema hili mara nyingi hadi wengine mnacheka nikitaja neno boksi, lakini kila nikikagua meza ya mtu anayejifunza, lipo pale.

Hebu tulifungue. Sehemu kubwa ni biti za milimita 1 na 1.5, zimejazwa kama njugu. Kwenye mbao, biti ya milimita 1 utaifanyia nini? Inapinda, inakatika, nusu inabaki ndani. Kisha kuna biti za ukuta, biti bapa chache, na vichwa vya kufungia skrubu ili hesabu ifike mia. Ukiondoa visivyokuhusu, unabaki na biti chache unazozihitaji kweli, nazo mara nyingi ni za chuma cha kaboni kilichopakwa rangi.

Tatizo la chuma hicho ni joto. Ugumu wake unaanza kulegea joto likivuka nyuzi 200 na kitu, na mbao nayo inaanza kubabuka na kutoa moshi karibu na hapo hapo. Kwa hiyo ukiona moshi kwenye tundu, biti ya kaboni inaweza kuwa imeshalainika nchani. Itakuwa butu, butu itasugua badala ya kukata, kusugua kutaongeza joto. Chuma kilichoandikwa HSS, kifupi cha high-speed steel, kinashika ugumu wake hadi karibu nyuzi 600. Mbao itakuwa mkaa, biti bado ni nzima.

Najua kuna mtu anasema moyoni: lakini ile dhahabu ni titani. Ndiyo, ipo ya kweli. Ni ngozi nyembamba ya mikroni chache tu, yaani elfu chache za milimita, inawasaidia wanaotoboa chuma, na ukiinoa biti mara moja tu imeondoka nchani. Kwenye mbao faida yake ni ndogo. Ya bandia ni rangi. Chovya kitambaa kwenye thina, sugua: kitambaa kikitoka na dhahabu, umenunua rangi. Na za kobalti je? Nzuri sana kwa chuma cha pua, ghali, halafu zinakatika upesi ukizipindisha. Waachieni wanaochomelea mageti.

Sasa za kununua. Tatu za kawaida, zile muuza duka anaziita biti za chuma, ziwe HSS: milimita 2.5, 3 na 4.5. Za 2.5 na 3 chukua mbili mbili maana zinakatika. Tatu nyingine ni biti za mbao, zenye sindano katikati na kucha mbili pembeni: 6, 8 na 10. Basi. Nunua moja moja, sio kwa boksi.

Kwa nini ndogo ziwe za chuma? Kwa sababu chini ya milimita 3 sindano inakuwa ndogo mno kusaidia kitu. Hizo ni za kuandalia skrubu. Skrubu namba 8, ambayo ni kama milimita 4.2: kwenye sipresi iliyo laini toboa 2.5, kwenye mninga ulio mgumu toboa 3, na ubao wa juu unaopitwa na skrubu toboa 4.5 ili skrubu ipite bila kung'ata na ivute mbao mbili zikutane. Mtu akitoboa 2.5 kwenye mninga, skrubu inakatika shingo, halafu analaumu skrubu.

Na kwa nini 6, 8 na 10 ziwe za sindano? Mtasema fundi wa mtaani Pasua anatumia biti ya chuma kwa kila kitu na makabati yake yamesimama. Ni kweli. Yule ana mkono, anaanza na alama ya msumari. Lakini sipresi ina pete ngumu na laini zinazopishana. Ncha ya biti ya chuma ikigusa pete ngumu inateleza kwenda kwenye laini, na tundu linahama milimita moja au mbili. Kwa skrubu si neno. Kwa pini za mbao, vile vijiti vya kuungia, mbao mbili hazikutani. Sindano inashika pale ulipoichomeka, kucha zinakata nyuzi ukingoni kwanza, ndipo makali yanakwangua katikati. Tundu linatoka na mdomo safi.

Dukani sasa, na hapa naomba msikilize hata mliokuwa mnasinzia. Soma shina, sehemu inayoingia kwenye drili: herufi HSS ziwe zimechongwa, zisiwe za wino. Ilaze kwenye kioo cha kaunta uiviringishe. Ikiruka au ncha ikiyumba, imepinda, irudishe. Kisha isimamishe mbele ya macho uielekeze kwenye mwanga. Sindano iwe katikati kabisa. Kucha mbili ziwe na urefu sawa, na zizidi makali kidogo. Makali mawili yawe kimo kimoja. Moja likiwa juu, linafanya kazi peke yake, biti inasukumwa upande, na biti ya 8 inatoboa 8.4. Pini ya 8 inacheza humo, na gundi ya mbao haijazi nafasi hiyo. Kiti kitalia kabla ya Krismasi. Hii ndiyo kasoro ninayoiona zaidi kwenye biti za bei rahisi, na haihitaji kipimo, macho tu.

Jaribio la mwisho ni la tupa. Chuma kigumu, tupa inateleza, laini, inang'ata. Lakini usijaribu kwenye shina! Shina la biti nzuri nalo huachwa laini kidogo ili taya za drili zilishike. Jaribu kwenye mgongo wa mfereji, ule uliojisokota mwilini mwa biti, karibu na ncha. Muuza duka atapiga kelele, na ana haki. Nunua moja, kaijaribu nyumbani, ikifaulu rudi siku hiyo hiyo kabla mzigo haujabadilika.

Dada anauliza biti za ukuta anazo tayari, haziwezi? Haziwezi. Kile kipande cha kabaidi nchani kimetengenezwa butu makusudi, kazi yake ni kuponda zege. Kwenye mbao kinasugua, kinachoma, na tundu linatoka na manyoya.

Naonyeshwa saa. Haraka basi. Kutoboka vibaya upande wa pili: funga kipande cha mbao mbovu nyuma kwa klempu, au toboa hadi sindano ichungulie, geuza ubao, malizia. Mfereji ukijaa unga, vuta biti nje kila sentimita moja au mbili. Grevilea mbichi inaziba zaidi. Utomvu wa sipresi unatoka kwa mafuta ya taa na mswaki mkuukuu. Kunoa biti ya sindano: tupa ndogo laini, nyuma ya makali na ndani ya kucha, kamwe usiguse nje ya kucha, maana utapunguza kipenyo na mwili wa biti utakwama tunduni. Mpingo tuuache leo, una mambo yake. Zile ndefu zenye skrubu mbele nazo tuziache.

Forstner tu, ile biti pana inayotoboa tundu lenye sakafu bapa. Bawaba za kikombe za kabati zinataka milimita 35, kina kama 12 au 13. Funga ubao kwa klempu, drili gia namba 1, ile ya polepole, toa maranda mara kwa mara. Na kabla hujalipa pima sindano yake: ubao wa milimita 16, ukitoboa 13, umebakiza 3. Sindano ya milimita 4 itatokea mbele ya mlango wako, upande uliokwisha kupaka vanishi.